Maduka Chini, Hoteli Juu

Mwanza,
9 Novemba 1997

Mwanangu Noela,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mama yako ni mzima, isipokuwa haya magoti yanayotangaza mvua hata kabla ya redio. Kaka yako Yeremia anakusalimu, mzima, ila tangu wampunguze kazi kiwandani Nyakato anashinda barazani, gazeti moja analisoma siku tatu. Mkewe Justa anakusalimu sana, tumbo limeshakuwa kubwa, anakula udongo, nimemkataza hasikii. Winnie wao anakusalimu, anauliza shangazi wa Dar anakuja lini. Fundi Mhoja bado yuko chumba cha mbele na cherehani yake, anakusalimu, anasema safari hii uje na kitambaa. Odeta wa Nansio anakusalimu, jana amelala hapa chumba cha wageni na magunia yake ya machungwa, nyumba nzima inanukia. Jirani yetu Mzee Shigela anakusalimu, anasema, mwambie Noela bado sijafa. Hata yule kuku mweupe uliyemwacha mdogo ameangua. Na mimi namsalimu mkwe wangu Rwehumbiza, sijui kifua chake kimepoa, na wajukuu zangu wote wawili, na yule binti anayekusaidia kazi.

Salamu zimetosha, sasa nisikilize. Kuna mtu amekuja anaitwa Bwana Mihayo, mwenye malori, siku hizi ana na duka la vifaa vya ujenzi. Anataka kiwanja chetu na cha Mzee Shigela aviunganishe ajenge ghorofa. Chini maduka, katikati ofisi, juu hoteli, vyumba vya wageni kila kimoja na choo chake ndani. Anasema nchi imefunguliwa, Mwanza watu watakuja wengi, watalala wapi? Sisi hatutoi hela, tunatoa ardhi. Yeye anajenga kwa mkopo wa benki ya huko kwenu Dar. Likiisha, sisi na Mzee Shigela tunapewa sehemu kwenye hoteli, tunakula faida mimi na nyinyi na watoto wenu. Maduka na ofisi yanabaki ya kwake kwa sababu ndiye mjenzi. Wakati wa kujenga tutakaa Mkolani, atatupangia nyumba. Na Yeremia kaambiwa atakuwa meneja wa hoteli. Noela, ungemwona kaka yako siku hiyo. Alikula ugali mpaka akaomba mwingine.

Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Nyumba hii baba yenu aliijenga kwa mshahara wa bandarini, chumba baada ya chumba, na kodi ya Mhoja na ya wapangaji wa uani ndiyo inayonilisha. Paa limeanza kuvuja lakini sijaziba, nani anapiga msumari nyumba ya kubomolewa? Nahamisha sufuria tu.

Wewe ndiye uliyesomea haya, kazi yako ni kutazama kama majengo ya watu yatalipa. Darasa la nne langu halifiki huko. Niambie tu, mama kubali, au mama usikubali. Barua hii anayo Kamugisha, mtoto wa dada yangu, na lori lake, pamoja na senene. Wametoka Bukoba kwa meli, nimewakaanga mwenyewe, usimpe Rwehumbiza wote.

Mama yako,
Paskazia

*

Dar es Salaam,
2 Desemba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Kamugisha alifika salama na senene wakafika nusu, nadhani njiani alikuwa akiwahesabu kwa mdomo. Rwehumbiza anakusalimu, kifua kimepoa, anasema hao wachache aliobahatika kuwaona walikuwa watamu. Watoto wazima. Mdogo ameota jino la mbele na anauma kila mtu. Mvua hapa haikatiki, barabara ya mtaani kwetu imekuwa mto, naenda ofisini na viatu mkononi.

Mwambie Justa aache udongo, ale dagaa. Mwambie Yeremia nampa pole ya kazi, ajikaze.

Habari ya kiwanja nimeisoma, mama. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Tutaongea.

Mwanao,
Noela

*

Mwanza,
21 Desemba 1997

Mwanangu Noela,

Marahaba. Tutaongea lini? Wewe uko Dar na mimi niko hapa, mdomo wetu ni hizi karatasi. Nimeigeuza barua yako nyuma nikatafuta kama umeandika huko, hakuna.

Tuko wazima. Yeremia mzima, Justa mzima anachechemea, Winnie mzima, kafunga shule. Mhoja ana sare za kwaya za Noeli mpaka halali. Mzee Shigela mzima, anakohoa.

Bwana Mihayo alikuja na picha ya hilo jengo, kubwa kama kanga. Limechorwa zuri, Noela, na miti, na magari, na watu wadogo wadogo wanatembea. Nikatafuta nyumba yetu hapo chini, Yeremia akacheka, akasema mama, nyumba itakuwa imeshabomolewa. Yeremia amenunua tai. Anaifunga asubuhi anakaa nayo barazani, watu wakipita wanamwambia, "Meneja, chumba kimoja tafadhali," naye anawajibu, "Vimejaa, njoo kesho." Anacheka lakini najua hachezi.

Mimi kinachonisumbua ni hiki. Nani atalipa hela kulala mjini? Wewe umekulia hapa. Mtu akitoka Nansio analala kwa ndugu yake, akitoka Bukoba analala kwa ndugu yake, na asiye na ndugu ana mtu wa parokia yake. Odeta nimempokea miaka yote hii, sijamwuliza hata chumvi. Mgeni ukimlipisha kitanda keshokutwa utamtazamaje msibani? Nilimwuliza Bwana Mihayo hivyo hivyo. Akasema, "Mama Yeremia, hao si wageni wangu. Wangu ni wazungu wa minofu ya samaki na watu wa dhahabu." Sawa, labda.

Anataka tuweke sahihi baada ya sikukuu. Mzee Shigela ameshasema yuko tayari, ananingoja mimi, maana viwanja lazima viwe viwili. Kila asubuhi ananisalimu kupitia uani, "Umeamka na jibu?" Nakuuliza mara ya pili, mwanangu. Nikubali?

Mama yako,
Paskazia

*

Dar es Salaam,
18 Januari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi, imelowa, reli imekatika kwa mafuriko na posta wanasema mifuko imezungushwa huko na huko. Sote wazima. Rwehumbiza anakusalimu. Mdogo sasa ana meno mawili.

Nianze na hili la nani atalala, kwa sababu hilo naweza. Hapo sidhani kama uko sahihi, mama. Odeta hatalala hotelini, kweli. Lakini mtu wa benki, mtu wa semina, daktari wa mradi, huyo ofisi yake inamlipia na hataki kumsumbua shangazi yake. Watu hao wanaongezeka kila mwaka, Mwanza watajaa. Hoteli si ndoto.

Lakini mama, jengo la kuchanganya mambo si kitu kimoja. Hili nakuandikia liko kwenye kitabu chochote cha shule, si siri ya mtu. Duka linalipa kodi kabla mpangaji hajafungua mlango, mara nyingi ya miezi sita. Ofisi vilevile. Chumba cha hoteli kinauzwa upya kila siku, kisipopata mtu leo, ya leo imepotea. Na kabla ya mgeni wa kwanza unatakiwa uwe na jenereta, pampu ya maji, mashuka, wapishi, walinzi, na wote wanataka mshahara vyumba vikiwa vitupu. Hoteli changa inakaa miaka bila kujitegemea. Ndiyo maana wanaichanganya na maduka. Maduka yanaibeba mgongoni mpaka ipate miguu, na ikishapata miguu inayaletea maduka watu na jina. Kwa hiyo katika jengo la namna hiyo swali la kwanza ni

Hapa nimekata mstari, mama. Usijaribu kuusoma.

Ukweli ni huu. Ile benki imeipa ofisi yetu kazi ya kuupima mradi wa Bwana Mihayo kabla ya kumkopesha, na mafaili yamepita mezani kwangu. Niliyoyaona humo siruhusiwi kumwambia mtu wa nje, na mtu wa nje ni pamoja na mama yangu. Nilitia sahihi siku nilipoajiriwa. Kwa hiyo usiniulize tena nikubali au nisikubali. Niulize jambo lolote jingine duniani.

Mwanao,
Noela

*

Mwanza,
15 Februari 1998

Noela,

Marahaba. Leo sisalimii sana, nimekasirika. Rwehumbiza msalimie, na watoto, na binti wa kazi, hao hawajanikosea. Justa amejifungua salama mtoto wa kike, wamempa jina Queen, mimi nilitaka la bibi yangu lakini nani ananisikiliza. Yeremia mzima. Winnie mzima. Mhoja amemshonea mtoto vigauni viwili bure. Mzee Shigela alilazwa siku mbili, karudi.

Ule mstari niliuinua juani. Umeukata vizuri, sikuona kitu.

Mwanangu, mimi sijui mambo ya ofisi. Najua nilipokuwa nakubeba ulikuwa wa kwangu, na sasa umekuwa wa benki. Mimi mtu wa nje! Nilimsomea Yeremia hayo maneno, naye akasema, "Mama, angekuwa na baya la kusema angesema. Kunyamaza kwake ni ndiyo." Na mimi nikafikiri, kweli, kwetu ndivyo ilivyo. Binti akiulizwa mbele ya wazee akiinamisha kichwa kimya, amekubali. Wewe mwenyewe siku walipokuja watu wa Rwehumbiza hukufungua mdomo, baba yako akasema haya, pombe imiminwe, na hatujajuta.

Kwa hiyo nakwambia hivi. Bwana Mihayo anakuja Jumamosi tarehe kumi na nne Machi, na mtu wa kushuhudia sahihi. Nisipopata neno lako mpaka hapo nitalichukua kama siku ile. Nitajua binti yangu amekubali.

Najua haraka yake inatoka wapi. Huko Ulaya wamekataa samaki wetu, viwanda vya minofu vimesimamisha watu, hao wazungu wake nao hawaonekani. Yeye anasema ni upepo utapita. Inawezekana. Lakini mimi nalala huku natazama darini. Mvua hii wanayoita Elinino imetoboa kila bati. Jiko la uani nimelibomoa kabisa, mabati yake nimempa Odeta aende nayo Nansio akafunike machungwa, maana sisi tunahama. Napikia barazani kama msafiri. Sufuria zote ziko chini ya matone, tunangoja mvua ikatike ndipo tupike.

Sikugombezi. Nakugombeza kidogo. Ule vizuri.

Mama yako,
Paskazia

*

Dar es Salaam,
8 Machi 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hongera ya mjukuu. Queen ni jina zuri, utalizoea. Mzee Shigela mpe pole.

Kamugisha anakuja na lori lake, na reli ikatike inavyotaka. Anakuletea mabati ya nyumba nzima na ya jiko, misumari, na mbao za kubadilisha zile zilizooza. Nimechagua bati nene, la kukaa muda mrefu. Nimemwambia atafute fundi siku hiyo hiyo atakayofika na asiondoke mpaka paa limekwisha.

La mradi sikukujibu, na halijibiki. Sitaki tu mama yangu alowe.

Mwanao,
Noela

*

Mwanza,
22 Machi 1998

Mwanangu, mwanangu Noela,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mzima na niko mkavu. Yeremia anakusalimu, nitakueleza habari zake. Justa anakusalimu, maziwa yanatoka vizuri. Queen anakusalimu, ana macho ya baba yako, sasa jina nimelisamehe. Winnie anakusalimu, anapanda ngazi ya fundi tukigeuka. Mhoja anakusalimu, anasema cherehani yake imeacha kutu. Odeta anakusalimu, alitaka kunirudishia mabati ya jiko, nikamwambia abaki nayo. Mzee Shigela, huyo bado hajatuma salamu, utaona kwa nini. Na mimi nawasalimu wote, mkwe wangu, wajukuu na meno yao, binti wa kazi.

Kamugisha alifika Alhamisi. Lori limesimama katikati ya njia, watu wamejaa, yeye anashusha mabati hata hajaomba maji. Nikamwuliza, "Noela kasemaje kuhusu kiwanja?" Akasema, "Mama mdogo, mimi nimetumwa mabati, sikutumwa maneno." Nikasoma barua yako. Nikakaa juu ya lile rundo la mabati nikaisoma tena. Yeremia akaja, akayagonga kwa ngumi, akasema, "Mbona mazito hivi?" Sote watatu tulikuwa tumeshaelewa. Mtu haezeki bati la miaka thelathini nyumba ya kubomolewa mwezi ujao. Wewe si mjinga wa kutupa mali. Sijui kama kwenye ile sahihi yako ya ofisi mabati yameandikwa, lakini mdomo hukuufungua.

Jumamosi Bwana Mihayo akaja na mtu wake. Mzee Shigela akaja na kigoda chake. Yeremia kafunga tai. Juu ya vichwa vyetu fundi anagonga, tunaongea kwa kupiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Bwana Mihayo akatazama juu.

"Mama Yeremia, unaezeka nyumba tunayoibomoa?"

"Mvua haijasoma mkataba wako, baba."

Akacheka. Kisha akatandika karatasi. Nikamwambia, ngoja, nina ombi moja tu. Yale uliyoniandikia kuhusu maduka kubeba hoteli mgongoni, Noela, nilikuwa nimeyatafuna wiki nyingi, sikuyameza. Nilipoona mabati, yale maneno yakashuka. Nikamwambia, "Hoteli umetusifia tangu Novemba na mimi nimekuamini. Basi tubadilishane. Sisi tupe maduka ya chini, hoteli nzuri chukua wewe."

"Haiwezekani, mama. Maduka ndiyo yatakayolipa benki."

"Na hoteli itamlipa nani?"

"Hoteli ni ya baadaye."

"Baadaye ya lini?"

Akamtazama yule mtu wake. Akasema miaka sita, saba, itategemea na watu wa Ulaya na samaki. Mzee Shigela akainuka kwenye kigoda. "Saba? Kijana, mimi juzi nimelazwa. Hiyo faida utanitumia kwa njia gani?"

Nikamwambia Bwana Mihayo, hii hoteli ni mtoto unayetupa tumlee, ni mzuri, nimemwona pichani, lakini maziwa unabaki nayo wewe. Tupe kidogo cha huku na kidogo cha huku, duka moja moja pamoja na hiyo hoteli, tule tukimngoja akue. Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Akasema benki haitakubali, hesabu zimeshapangwa. Akakunja karatasi zake. Si mtu mbaya, Noela, chai yote alikunywa, na akasema akipata njia nyingine atarudi. Akirudi na maduka tutakaa naye.

Mzee Shigela amekasirika. Pale alipiga kelele upande wangu, lakini Jumapili akaamka anasema mimi ndiye niliyemharibia, kiwanja chake peke yake hakitoshi. Hanisalimu. Nampelekea uji, anapokea, hanisalimu. Atapoa.

Yeremia alivua tai, akaikunja akaiweka mfukoni, akapanda ngazi kumsaidia fundi. Mpaka leo maneno yake na mimi ni ndiyo na hapana. Lakini bati lililo juu ya kitanda changu kalipigilia yeye, na misumari kaongeza. Juzi kaenda kumwomba kazi huyo huyo Bwana Mihayo dukani kwake, kaambiwa arudi mwisho wa mwezi. Tumwombee.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu leo wakati mkono unaniuma. Nilikuwa nampakulia Kamugisha ndizi, namsifu binti yangu, yeye anatafuna, hamezi. Nikajua. Mimi nawajua nyinyi watoto kwa namna mnavyotafuna. Nikamshika, akasema. Eti kabla ya kununua bati hata moja ulikwenda kwa mkubwa wako ukamwambia, "Kiwanja kile ni cha mama yangu, na mimi nakwenda kumwezekea nyumba, amueni mnavyoona." Nao wamekuambia ukae nyumbani kwanza wakifikiri. Na wewe umeniandikia Queen ni jina zuri!

Noela, nilikuita wa benki. Hilo neno nalirudisha, lifute.

Sikiliza. Hii nyumba ina bati jipya, ina Mhoja mbele anayelipa, ina wapangaji uani, ina jiko. Chumba cha wageni Odeta nimemtoa wiki hii, nimemwambia alale na mimi. Nimetandika lile shuka la maua, nimefunga na chandarua. Mvua ikipiga humo ndani sasa ni kelele tu, tone haliingii. Kama wamekufukuza, njoo na watoto, na Rwehumbiza akipata ruhusa naye aje, mlale mpaka mchoke, hapa hakuna anayelipa kitanda. Kama hawajakufukuza, njoo Pasaka.

Kamugisha anageuza lori Alhamisi, atakukuta Jumapili, na nimemwagiza asiondoke mlangoni kwako bila karatasi. Andika hata mistari miwili. Kama ni kubaya andika ni kubaya. Zamani ukininyamazia nilikuwa najua maana yake, sasa sijui tena. Nijibu upesi, mwanangu.

Mama yako,
Paskazia